Nyumba za masetla wa Kijerumani Lushoto: makumbusho hai, au ziachwe zianguke?

Wadau, habari za jioni. Huku Usambara nyumba za masetla zinamalizwa na mvua. Wapo wanaotaka zikarabatiwe ziwe makumbusho hai: jiko liwake kuni, mkate uokwe, mgeni alipe kiingilio aone maisha ya enzi zile Lushoto ikiitwa Wilhelmstal. Mimi naunga mkono, ila kwa sharti.

Kwanza sheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863, na Mjerumani alikuwa hajafika. Ya baadaye mpaka Waziri ayatangaze. Asipoyatangaza, mwenye kiwanja akiamka na nyundo, ndiyo basi.

Sharti langu nimelipata mlangoni. Nyumba moja niliyoingia juzi, ngazi za mbele ni za mawe na kona zake bado kali. Kizingiti cha jikoni, nyuma, kimelika katikati hadi maji ya mvua yanatuama. Huko ndiko walikopita wapishi, wachota maji na wabeba kuni. Mgeni aingilie huko.

*

Mkuu, unapamba tu. Vijana wetu wavae kanzu nyeupe wawamiminie watalii chai? Mwaka 1907 hapo Wilhelmstal ililetwa kadi: Msambaa asiye na ajira afanye kazi kwa mzungu siku 30 kila miezi minne. Hiyo nayo utaifanya "hai"? Hela hizo zijenge zahanati.

*

Zahanati ina fungu lake, tusichanganye mafaili. Iringa, jengo la Wajerumani la 1914 limekuwa makumbusho na sijaona mtu kavalishwa kanzu. Halafu mnasahau: Tom von Prince, afisa wa Kijerumani aliyekuwa miongoni mwa walioiangusha Kalenga, ngome ya Mkwawa wa Wahehe, mwaka 1894, alikuja kuwa setla huku huku Usambara, shambani Sakarani. Mhehe na Msambaa wana kesi moja. Mkibomoa mnamfutia Prince nyayo.

*

Mleta mada narudi. Kanzu hapana, hapo nimekuelewa ndugu yangu. Lakini hiyo kadi uliyoitaja ndiyo ninayoitaka, iwekwe mezani kabisa, kando ya sahani zao za kaure. Bila hiyo, mkate utanukia vizuri na mtalii ataondoka akisema walikuwa watu wakarimu. Mwenye kadi ya babu wa babu yake sandukuni aseme, nitaifuata mwenyewe, hata Mlalo.