Kipaji cha kupiga kipo: mbona wapigaji wetu hawafiki kriketi ya kimataifa?

MjombaWaParklands (Nairobi) anauliza:

Salaam kwenu nyote. Ninamlea mpwa wangu mwenye umri wa miaka 16, ambaye hufungua safu ya wapigaji (hupiga wa kwanza, mpira ukiwa mpya) katika timu ya shule yake, na Jumapili huitwa kuchezea kikosi cha pili cha klabu moja hapa Nairobi. Walimu wake, na hata wapinzani, wanakubali kwamba ana jicho: huuona mpira mapema, na ukija mfupi huuvuta kwa mguu wa nyuma bila kuyumba. Muhula uliopita alifikisha mikimbio mia kwa mara ya kwanza maishani mwake, na akafanya hivyo katika mechi mbili mfululizo.

Ninachotaka kujua ni kama kijana wa aina hii, akiwa Afrika Mashariki, ana njia ya kweli ya kufika kiwango cha kimataifa. Jamaa mmoja ananihimiza nimpeleke Afrika Kusini au Uingereza upesi, kwa kuwa hapa atazeeka akiitwa "kijana mwenye kipaji". Mwingine ananijibu kwamba Steve Tikolo, yule mpigaji wa Kenya, hakupelekwa popote na bado dunia ilimjua. Ningependa kusikia kutoka kwa waliocheza na wanaofundisha.

MkongweWaNgara anajibu:

Ndugu Mjomba, huyo aliyekuambia kwamba Tikolo hakupelekwa popote hajaisoma historia yake vizuri. Tikolo alikwenda Afrika Kusini kuchezea Border, timu ya jimbo huko, msimu wa 1995/96, na Machi 1996 tukamwona mjini Kandy akipiga mikimbio 96 dhidi ya Sri Lanka, timu ambayo siku ile ilikuwa imekusanya 398 na ambayo siku chache baadaye ilitwaa Kombe la Dunia. Sisemi kwamba Border ndiyo iliyompa kipaji, maana alitoka nacho nyumbani, katika familia iliyokuwa imekwisha kutoa wachezaji wengine. Nasema tu kwamba mtu aliyekabiliana na warushaji wa kulipwa msimu mzima hababaiki akiwakuta tena kwenye Kombe la Dunia.

Kipaji, kwa maoni yangu, hakijawahi kuwa tatizo la Kenya. Oktoba 1997, palepale Nairobi Gymkhana, Deepak Chudasama alipiga 122 na Kennedy Otieno 144 dhidi ya Bangladesh, wakaongeza mikimbio 225 kabla ya wiketi ya kwanza kuanguka (yaani kabla hata mmoja wao hajatolewa), na kwa wakati ule hiyo ilikuwa rekodi ya dunia kwa wafunguzi katika mechi za siku moja. Chudasama, kama hujui, alikuwa daktari wa meno. Miezi michache kabla ya hapo, katika fainali ya Kombe la ICC (Baraza la Kimataifa la Kriketi) mjini Kuala Lumpur, Tikolo alikuwa amepiga 147 kati ya mikimbio 241 ya timu nzima, nasi tukashindwa na Bangladesh haohao kwa mpira wa mwisho kabisa, baada ya mvua kuvuruga hesabu. Mwaka 2000 Bangladesh walipewa hadhi ya kucheza Test, mechi za siku tano za ngazi ya juu kabisa, sisi hatukupewa. Tangu hapo wapigaji wao wamekuwa wakipokea kila mwaka mechi ambazo wetu wanazisikia tu redioni.

Watu hupenda kusimulia jinsi Kenya ilivyofika nusu fainali ya Kombe la Dunia la 2003, nami ninaipenda pia, lakini yaliyofuata ndiyo yanayomhusu mpwa wako. Wachezaji na chama waligombana kuhusu malipo, wengine wakagoma, nahodha wa zamani Maurice Odumbe akafungiwa miaka mitano mwaka 2004, chama chenyewe kikavunjwa na Cricket Kenya ikaundwa 2005. Katika vurugu hizo mechi dhidi ya mataifa makubwa zikakauka, na Januari 2014 tukapoteza hadhi ya mechi za kimataifa za siku moja. Kenya ilipocheza Kombe la Dunia kwa mara ya mwisho, mwaka 2011, mpwa wako alikuwa bado anatambaa. Mwaka huo Collins Obuya, ambaye dunia ilimfahamu kwanza kama mrushaji wa mpira wa kuzunguka, alipiga 98 bila kutolewa dhidi ya Australia mjini Bangalore. Hiyo ndiyo mara ya mwisho mpigaji wetu kuonwa na watu wengi kiasi hicho.

KochaUpanga (Dar es Salaam) anajibu:

Shikamoo mzee Mkongwe, nami nakubaliana nawe. Naomba niongeze upande wa ufundi, kwa sababu ndiko ninakowaona vijana wakikwama.

Mjomba anasema kijana huuvuta mpira mfupi kwa mguu wa nyuma bila kuyumba. Ninaamini, na ninadhani najua sababu. Wengi wa vijana wetu wanakulia kwenye mkeka uliotandikwa juu ya saruji, ambapo mpira hudunda juu na hudunda vilevile kila mara, kwa hiyo mguu wa nyuma unakomaa mapema na mkono unajifunza kuuamini mdundo. Akipelekwa kwenye pichi ya udongo, asubuhi, ikiwa bado na unyevu, mpira uleule aliouvuta jana unabaki chini na kumgonga pedi mbele ya wiketi (vile vijiti vitatu anavyovilinda), au unapinda kidogo baada ya kutua na kugusa ukingo wa gongo. Hapo ndipo utasikia watu wakisema kijana ameishiwa, kumbe hajawahi kufundishwa kuutazama mpira hadi chini ya macho yake.

Jambo la pili ni kasi. Mrushaji wa kilomita 140 kwa saa anampa mpigaji takriban nusu sekunde, ilhali warushaji wa ligi zetu nyingi wako mbali sana na kasi hiyo. Hatuna haja ya kungoja mashine ya bei kubwa: kile kijiko kirefu cha plastiki cha kurushia mipira, mikononi mwa mtu aliyekizoea, kinatosha kumfanya kijana aamue mapema mguu wa mbele utue wapi. Mipira iwe mipya, si ile iliyochakaa ambayo klabu hutupa nyavuni, kwa sababu mpira uliochakaa haupindi tena kama mpya, na yeye ni mfunguzi.

La tatu ndilo ninalolipa uzito zaidi kuliko yote. Usimuulize amepiga mikimbio mingapi. Muulize amekabili mipira mingapi. Mia ya shule inayopatikana kwa mipira 60, nusu yake ikiwa mipira mibovu, haimwandai mtu kukaa saa tatu mbele ya warushaji ambao hawakupi hata mmoja wa bure.

MpenziWaLugogo (Kampala) anajibu:

Kwa ufupi, tazameni Uganda katika Kombe la Dunia la 2024 la T20 (mchezo mfupi wa ova 20, yaani mipira 120, kwa kila timu). Tulifika huko kwa haki, baada ya kuishinda Zimbabwe katika mchujo wa Namibia mwaka 2023, na warushaji wetu hawakutuaibisha. Lakini Afghanistan walitutoa wote kwa 58, West Indies kwa 39 na New Zealand kwa 40. Ushindi wetu pekee, dhidi ya Papua New Guinea, tuliupata kwa sababu Riazat Ali Shah alikubali kupiga 33 kwa mipira 56, katika mchezo ambao mashabiki wanataka mpigo wa mikimbio sita kila ova. Pengo liko kwenye upigaji, na nadhani sababu yake ni rahisi: mrushaji anaweza kujinoa peke yake mbele ya wiketi tupu, lakini mpigaji hawezi kujipa mpinzani bora kuliko wale anaokutana nao.

Hata hivyo sikubali kwamba njia imefungwa. Tangu 2019 mechi yoyote ya T20 kati ya timu za taifa za wanachama wa ICC inahesabiwa kuwa ya kimataifa, na timu zetu zote tatu zimo katika Ligi ya Changamoto ya mechi za ova 50. Tanzania walifuzu Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 19 la 2026, jambo ambalo miaka kumi iliyopita tungelicheka.

MjombaWaParklands anaandika tena:

Nawashukuru sana. Mmenifungua macho, hasa kuhusu idadi ya mipira, jambo ambalo sikuwahi kulihesabu. Limebaki suala la kusafiri. Mama yake, dada yangu, hataki aondoke kabla ya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, nami nina hofu kwamba akihamia Uingereza atapoteza haki ya kuichezea Kenya. Je, hofu yangu ina msingi?

MkongweWaNgara anajibu:

Hofu hiyo haina msingi. Kanuni za ICC zinamruhusu mchezaji kuwakilisha nchi aliyozaliwa, au aliyo raia wake, au aliyoishi kwa miaka mitatu iliyotangulia, kwa hiyo aliyezaliwa Kenya hubaki wa Kenya hata akicheza ligi ya kijijini huko Yorkshire. Dada yako ana haki naye asikilizwe. Msimu wa Uingereza huanza Aprili na kwisha Septemba, na wa Afrika Kusini huanza karibu Oktoba, kwa hiyo baada ya mtihani anaweza kwenda kwa msimu mmoja, akarudi, bila kuhama nyumbani moja kwa moja. Iwapo shule au chuo cha huko kitampa ufadhili, soma masharti yote kabla ya kutia sahihi, hasa yanayohusu nani atalipa akiumia.

Lakini kwa mwaka huu kuna kazi iliyo karibu zaidi. Kikosi cha pili hakimfai tena. Nenda kwa nahodha wa klabu uombe apandishwe kikosi cha kwanza katika ligi ya NPCA (chama cha kriketi cha Nairobi), hata kama ataanza kama mpigaji namba saba na kupata ova chache tu za kupiga, kwa sababu huko ndiko atakakokutana na warushaji wa timu ya taifa. Wakikataa, mhamishie klabu ndogo ambayo haina watu wengi na itampa namba tatu kila Jumapili. Atatolewa kwa sifuri mara kadhaa, na mama yake aambiwe mapema kwamba hilo ni sehemu ya mpango.

KochaUpanga anaongeza:

Na apelekwe na daftari. Kila akitoka uwanjani aandike mrushaji alikuwa nani, mpira ulitua wapi na mguu wake ulikuwa wapi. Mkija Dar es Salaam wakati wa likizo, nitafurahi kulisoma pamoja naye kabla hajaingia nyavuni.