Ukoo wa Bibi: vikopo vya harusi ya Rehema

IJUMAA

Mama Nasra: Assalaam alaykum familia. Mwenye kujua mambo ya nta anijibu upesi. Natengeneza mafuta ya midomo ya kugawa harusini kwa Rehema, vikopo 60. Nimejaribu kidogo kwanza, vanila imeshuka chini yote

Mama Nasra: 📷 Picha

Nasra: Hiyo ni picha ya kidole gumba cha mama. Nawaeleza mimi. Juu pameganda vizuri, rangi ya siagi. Ukichokonoa mpaka chini unakuta matone ya kahawia, ukiyagusa yanakimbia

Hamisi (Njombe): Dada umemwagia chai?

Mama Nasra: Hamisi nina sufuria mkononi

Shabani (Tabora): Waalaykum salaam. Nta ni ile niliyokutumia?

Mama Nasra: Ndiyo kaka, lile bonge. Nta haina kosa lolote, imeyeyuka ikanukia asali nyumba nzima

Salma: Shikamooni wote. Shangazi, vanila gani hiyo? Isije ikawa arki ya keki

Mama Nasra: Marahaba mwanangu. Hiyo hiyo, kwani kuna nyingine? Nimetia vifuniko viwili

Salma: Basi ndiyo kisa. Arki ya keki ni maji na alkoholi na harufu kidogo. Wewe sufuriani una nta na mafuta. Hata ukikoroga mpaka alfajiri, ukigeuza mgongo vinaachana

Mama Nasra: Mbona kwenye keki kuna siagi na inakubali

Salma: Kwenye keki kuna mayai, unga, maziwa, vyote hivyo vinaishika. Humu hakuna wa kuishika

Salma: Tena hayo matone usiyaache humo. Mafuta matupu na nta havioti ukungu kirahisi, lakini maji yakikaa chini ya kikopo, na watu wanachovya vidole, wiki mbili tatu utaona manyoya

Nasra: Manyoya 😭 siku ya fungate ya Rehema

Mama Ilham (Muscat): Salaam kutoka huku kwenye joto. Dada mimi nina maji ya waridi ya Jabal Akhdar, yale yenye harufu ya moshi. Nikutumie? Harusi na waridi ndiyo mahala pake

Salma: Shikamoo shangazi. Hayo pia ni maji. Yaende kwenye halua na kahawa, humu yatafanya yale yale

Mama Ilham (Muscat): Haya, na nisiseme tena

Mama Nasra: Sasa nitie nini? Nimenunua vikopo tayari, havirudishwi

Salma: Unataka arki ya mafuta, ile wanayotilia chokoleti na pipi. Chokoleti nayo haipatani na maji, ikiguswa na tone inashikana kama udongo, kwa hiyo watu wa chokoleti wana chupa zao. Dukani usiamini picha ya stroberi, soma nyuma. Ukiona maji au propilini glaikoli (kimiminika kinachopatana na maji, si mafuta) ndiyo ya kwanza kwenye orodha, iache

Salma: Na kama huna hakika, chukua mafuta ya nazi kwenye kijiko, yawe yameyeyuka. Dondosha tone moja, koroga kwa kijiti cha meno, subiri dakika tano. Ikipotea humo, sawa. Ikikaa shanga shanga chini, irudi kwenye droo ya keki

Nasra: Tumefanya na zote za kwenye droo. Vanila shanga. Nanasi shanga. Ndizi shanga. Ya stroberi niliyonunua mimi kwa yule dada wa vifaa vya keki IMEPOTEA 🙌

Nasra: Nimelamba kijiko. Dada Salma, inanukia pipi ila ladha yake ni mshumaa

Salma: Harufu ndiyo hiyo, utamu ni kitu kingine. Pua inaahidi, ulimi haukuti kitu

Nasra: Nitie sukari?

Salma: Haiyeyuki kwenye mafuta. Utapata kama mchanga wa Coco Beach kwenye mdomo. Asali vilevile itajitenga, ina maji yake. Halafu ukiufanya mtamu watu wataulamba, na mdomo unaolambwa ndio unaokauka na kupasuka. Uache usiwe mtamu

Hamisi (Njombe): Huku kipupwe kimeingia, wanafunzi wangu midomo imepasuka wanacheka kwa adabu. Dada nitengee vikopo vitatu

Mama Nasra: Leta hela

Hamisi (Njombe): Si tumezaliwa tumbo moja jamani


JUMAMOSI

Nasra: Kuna tukio

Nasra: Mama amesema nisiseme

Mama Nasra: 🚫 Ujumbe huu umefutwa

Shabani (Tabora): Sema mjukuu wa Bibi

Nasra: Stroberi yangu ilikuwa kidogo, haitoshi. Mama akaona chupa ya mafuta ya karafuu kwenye dawa za Bibi. Akasema haya si mafuta? Yanachanganyika na mafuta. Akatia kijiko cha chai kizima kwenye sufuria ya gramu 200

Salma: Kijiko KIZIMA?

Nasra: Baba akapaka akaenda barazani. Akarudi kahawa yake haijapoa. Anaongea kama katoka kung'olewa jino. Midomo imevimba kidogo na nyekundu

Salma: Asioshe kwa maji kwanza! Apake mafuta ya nazi matupu, apanguse kwa kitambaa, arudie mara mbili tatu, ndipo sabuni na maji. Mafuta ya karafuu maji hayayatoi, yanayasambaza tu. Ikizidi kuvimba au malengelenge yakitoka, zahanati mara moja

Shangazi wa Chake: Wifi! Chupa ile nilikupa ya jino la mama! Pamba kidogo, tone moja, basi. Wewe umemtilia kaka yangu mdomo mzima 😂😂

Shangazi wa Chake: Pole yake lakini. Mwambie dada yake amecheka kisha akamwombea

Mama Nasra: Wifi mimi nilijua karafuu ni karafuu. Si tunatia kwenye pilau

Shangazi wa Chake: Kwenye pilau unatia punje sita. Mafuta yale yametoka kwenye mafungu ya makonyo, yale yanayobaki tukishachambua. Kiwandani Wawi, hapa Pemba, yanapigwa mvuke gunia kwa gunia mpaka yatoe mafuta. Kijiko chako kile kina karafuu nyingi kuliko pilau lako la Idi

Salma: Na kilichomtia Baba Nasra ganzi ndicho hicho kinachotuliza jino. Kinaitwa yujenoli, ndiyo sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu

Salma: Hesabu yake ni hivi. Kwa karafuu kikomo cha ngozi wanachokifuata watu wa kazi hii ni nusu asilimia, yaani kwenye gramu 200 isizidi gramu 1. Kijiko cha chai ni mililita 5, na mafuta haya ni mazito kidogo kuliko maji, kwa hiyo shangazi umetia gramu 5 na ushei. Mara tano ya kikomo. Na midomoni mimi nisingefika hata hiyo nusu, ngozi ya pale ni nyembamba halafu mtu anaimeza

Nasra: Kuna jingine. Alikorogea kijiko cha plastiki cha kutupa. Ncha imelainika na kufubaa, kama imetafunwa

Salma: Mafuta ya karafuu yanakula plastiki za aina ile. Tumia kioo au chuma

Baba Nasra: Nko hai

Shabani (Tabora): Pole sana shemeji

Hamisi (Njombe): Nimebadili mawazo, vikopo vitatu vyangu mpeni mwingine

Mama Nasra: Sitii tena kitu mimi. Wapewe mafuta yasiyonukia, wakapake waondoke

Salma: Shangazi usikate tamaa. Tatizo ni kijiko. Kwenye kazi hii kila kitu kinapimwa kwa uzito, hata matone. Chupa hii tone lake dogo, ile kubwa, unahesabu matone 20 kumbe umetia mara mbili

Shabani (Tabora): Mzani mdogo wa sonara unafaa? Ninao wa biashara yangu ya zamani, unasoma mpaka sehemu ya mia ya gramu. Nautuma na basi la kesho

Salma: Baba huo ndio wenyewe

Shabani (Tabora): Kwa nini wasitie ndimu? Inachangamsha

Salma: Mafuta ya ndimu yanayokamuliwa kwenye ganda yakizidi halafu mtu akatoka juani, ngozi inaungua na kubaki na doa jeusi. Machungwa matamu hayana shida hiyo. Mnanaa pia mzuri, asilimia moja inatosha kabisa. Ila wenye mnanaa usipakwe watoto wachanga karibu na pua na mdomo, unaweza kuwabana pumzi. Andikeni kwenye kikopo

Nasra: Bibi anasema tumwachie simu. Anataka kusema

Nasra (sauti ya Bibi, 1:52): 🎤

Hamisi (Njombe): Niko kwenye kikao, nani aniandikie

Nasra: Bibi anasema: "Mnahangaika na chupa za madukani na nyie mna hiliki ndani. Sisi tulikuna nazi, tukapika tui mpaka likatike, mafuta yakae juu, mashapo chini. Mafuta yakishakuwa meupe meupe unatia hiliki iliyopondwa, moto wa makaa yanayokufa, unaacha. Asubuhi unachuja kwa kipande cha kanga cha zamani. Bibi harusi anapakwa mwili mzima, haungui mtu." Halafu amekohoa. Halafu amesema baba Nasra anyweshwe uji wa baridi

Salma: Shikamoo Bibi. Hapo umetufunga midomo, bila karafuu 😄 Mafuta yaliyolowekwa hiliki ni mapole kuliko yale ya chupa, hata mkono ukizidi hayachomi. Sharti mbili tu: hiliki iwe kavu kabisa, na mafuta yapikwe mpaka yaache kutoa sauti. Yakilia chirr, bado yana maji ya tui

Nasra: Bibi anasema hilo alikuwa anajua kabla baba yako hajazaliwa

Salma: Naam Bibi 🙏


JUMATATU

Mama Nasra: Mzani umefika. Asante kaka. Tumeanza upya tangu saa mbili asubuhi

Nasra: Natoa taarifa rasmi. Kwa kila gramu 100: nta 25, mafuta ya nazi ya hiliki 40, siagi ya shea 20, mafuta ya nyonyo 14, mafuta ya machungwa matamu gramu 1. Nta imekunwa kwa kikunio cha karoti. Bakuli la kioo juu ya sufuria ya maji, moto mdogo

Salma: Machungwa mmetia saa ngapi?

Nasra: Tumeepua kwanza kama ulivyosema. Tumesubiri mpaka pembeni pa bakuli paanze kufanya utando mweupe ndipo tukatia, tukakoroga haraka. Jana mama alitia bakuli likiwa bado motoni linachemka, harufu yote ilikwenda kwa majirani

Mama Nasra: Nimedondosha kwenye mgongo wa kijiko kilichokaa friza, nikaonja kwa kidole. Ni laini mno, hapa Mbagala saa nane mchana kwenye pochi yatakuwa supu

Salma: Nta ifike 28, punguza nazi. Nazi yenyewe inayeyuka kwenye nyuzi 24, Dar hapo haigandi kabisa, anayeshika umbo ni nta peke yake, maana yeye mpaka afike sitini na kitu

Hamisi (Njombe): Na vyangu? Mwaka jana ulinipa ya dukani, asubuhi niliichimba kwa funguo

Mama Nasra: Si ulisema hutaki

Hamisi (Njombe): Nilikuwa na hofu, nimepona

Salma: Vya baba mdogo wapunguze nta ifike 20. Mkivipanga pamoja mtachanganya, wekeni alama

Mama Ilham (Muscat): Na vya huku? 🙃

Salma: Shangazi wewe 32, na vikae kwenye friji

Shabani (Tabora): Mie naona biashara. Vikopo 60 leo, 600 mwakani

Salma: Kugawia wageni harusini ni zawadi. Kuuza ni kwenda TBS, Shirika la Viwango, kusajili, vipodozi viko kwao tangu 2019. Na kwenye lebo uandike kila kilichomo, kuna mtu ukimgusisha shea anavimba

Mama Nasra: Tuozeshe kwanza

Mama Nasra: 📷 Picha

Nasra: Safari hii kidole hakipo. Vikopo 60 juu ya meza, vimetulia, juu pako laini, rangi ya manjano ya asali. Kimoja kina shimo katikati. Nta ilizama ilipopoa. Mama anasema hicho cha Hamisi

Hamisi (Njombe): Nashukuru kwa kukumbukwa

Shangazi wa Chake: Mashallah. Baba Nasra amejaribu?

Baba Nasra: Nimepakwa kwa lazima. Hakuna kitu. Inanukia mandazi

Salma: Na ile sufuria ya karafuu mmefanya nini? Msimwage sinki, nta itaziba bomba. Na msijaribu kuipunguza makali, mkitaka ifike hata nusu asilimia mtahitaji kilo nzima

Mama Nasra: Bibi ameichukua

Salma: BIBI ANAPAKA WAPI???

Nasra: Kabati la mninga. Ametoa nguo zote, amekaa kwenye mkeka na soksi ya baba mkononi, anasugua toka adhuhuri. Milango inang'aa unajiona meno. Anasema mende hatasogea

Nasra: Ila nguo zake zote za harusi zitanukia pilau