Fangasi ukeni haziishi, kila nikimeza flukonazoli zinarudi tena

binti_wa_pwani
Habari zenu jamani, naombeni msaada, wa kejeli pitieni mbali tu. Nasumbuliwa na fangasi ukeni, muwasho hasa usiku mpaka usingizi unakata na uchafu mweupe mzito kama maziwa ya mgando, harufu hamna. Nikienda duka la dawa napewa kile kidonge kimoja cha flukonazoli miligramu 150, nameza, siku mbili tatu natulia kabisa, alafu baada ya miezi miwili hivi hao wamerudi. Juzi muuzaji kaniuzia ile pakiti ya mchanganyiko ina flukonazoli, azithromaisini na seknidazoli eti inasafisha zote kwa mpigo, sijaigusa bado. Je niwe nameza flukonazoli kila wiki au nihamie kwenye vya kuchomeka? Na mume nae ameze? Nina miaka 29.

kaka_mkubwa77
Pole mdogo wangu. Menya punje ya kitunguu swaumu chomeka usiku, asubuhi toa. Ikigoma meza Flagyl siku saba, wife alipona hivyo.

mfamasia_wa_mtaani
Kaka mkubwa hapo umempoteza dada wa watu. Kitunguu swaumu kinaunguza, kule ndani ngozi ni laini na hapo tayari imeshachubuka kwa kukunwa. Na Flagyl ni ya bakteria na vijidudu kama trikomona, fangasi haiigusi. Inawezekana mkeo hakuwa na fangasi, ule uchafu mwepesi wenye harufu ya samaki huwa ni bakteria na hapo Flagyl ndo kazi yake.

Binti, hiyo pakiti iache. Dawa mbili kati ya hizo tatu wewe kwa dalili zako huzihitaji, na antibayotiki ndo mara nyingi inawaamsha fangasi wenyewe maana inaua bakteria wazuri wa ukeni wanaowazuia wasizaliane.

Kuhusu swali lako, kidonge kimoja cha 150 ni cha shambulio la kawaida. Likijirudia mara tatu au zaidi ndani ya mwaka hesabu inabadilika, daktari anaweza kukupa 150 kila baada ya siku tatu mpaka vifike vitatu, kisha kimoja kwa wiki kwa miezi 6, na hata hapo kuna wanaoacha dozi zikarudi. Ila usijianzishie mwenyewe dirishani. Kwanza upimwe kwa kuchukuliwa ute wa ukeni wenyewe uangaliwe kwenye darubini na ikibidi uoteshwe, sio mkojo, hapa kwetu mtu akiwashwa tu anapimwa mkojo anaambiwa UTI sugu basi anaondoka na sindano. Kuoteshwa kuna maana kwa sababu fangasi wengi ni Kandida albikansi ambaye flukonazoli inamuweza, ila yupo ndugu yake anaitwa glabrata huyo flukonazoli anaidharau, utameza mwaka mzima.

Vya kuchomeka vya klotrimazoli (500 usiku mmoja, au 200 usiku tatu, au 100 usiku sita) kwa shambulio la kawaida vinaponya sawa tu na kidonge, ni wewe unapenda nini. Vina mafuta yanayoweza kulegeza kondomu, hilo watu hawaambiwi. Mume kama hana muwasho wala vipele kichwani mwa uume haitaji dawa.

mama_wawili_
Nikazie hapo pa kupima, na sukari pia. Mimi zilikuwa zinarudi hivyo hivyo, nabadilisha sabuni nabadilisha chupi kumbe sukari iko juu na sijui. Sasa nikaanzishiwa glibenklamidi, fangasi wakarudi nikameza flukonazoli bila kumwambia mtu, jasho likanitoka natetemeka mikono, hospitali wakasema sukari imeshuka hizo dawa mbili zinagongana. Kwahiyo kama unameza dawa yoyote nyingine, ya sukari, ya kifafa, ya kuyeyusha damu, sema kabla.

binti_wa_pwani
Asanteni sana, dawa nyingine situmii. Ila mfamasia nikuulize maana hapa ndo nimeshtuka, siku zangu zimechelewa kidogo na nilitaka nimeze flukonazoli leo usiku.

mfamasia_wa_mtaani
Usimeze. Nunua kipimo cha mimba kwanza, tumia mkojo wa asubuhi. Ikiwa ipo, flukonazoli ya kumeza tunaikwepa kwa sababu imehusishwa na mimba kuharibika, utatumia klotrimazoli ya kuchomeka usiku saba na kile kifaa cha kusukumia usikiingize kwa nguvu, au tumia kidole tu. Na mimba yenyewe inaleta fangasi, kliniki waambie mapema. Ikiwa haipo nenda kwenye kile kipimo cha ute na sukari, na HIV kama una muda hujapima.

dada_K
Samahani nadandia uzi, mimi nina griseofulvini zilibaki za mapunye ya mtoto, si zote ni za fangasi? Nimeze?

mfamasia_wa_mtaani
Hapana dada K. Hiyo ni ya mapunye na fangasi wa ngozi, Kandida haimfanyi kitu. Na ukiwa unatafuta mimba ndo usiisogelee kabisa.

kaka_mkubwa77
Sawa dokta, kitunguu nimekirudisha jikoni.