Kambare wa kula mwani kwenye tangi la lita 80, nichukue yupi?

mfuga_guppi
Habari za humu wakuu, nina tangi la lita 80, ndani kuna guppi na neoni na mimea kidogo, sasa kioo na majani vimeshika mwani mpaka samaki siwaoni vizuri. Kuna pleko wadogo (kambare wanaonyonya kioo) wa urefu wa kidole wanauzwa, muuzaji anasema pleko atamaliza mwani wote na wala hahitaji kulishwa. Nimchukue?

gogo_na_maji
Mkuu usimchukue. Huyo wa kidole ni mtoto, pleko wa kawaida anafika sentimita 30 na kupita, kwa tangi lako hata kugeuka itakuwa shida, na anakunya balaa yani filta itazidiwa na huo uchafu ndo mbolea ya mwani tena. Ukitaka pleko tafuta Ancistrus, yule dume lake lina ndevu puani, anaishia sentimita 12 hivi, ila mmoja tu, lita 80 kwake ni ukomo. Muwekee gogo la kukwangua na pango maana mchana anajificha. Na hiyo ya hahitaji kulishwa inaniuma sana, wanakufa njaa mwani ukiisha huku mtu anamuona kaganda kwenye kioo anadhani yuko poa!! Ukizima taa mpe kipande cha tango, asubuhi toa mabaki.

oto_kundi
Kwa guppi na neoni mi naona Otocinclus ndo wenyewe, ni kambare wadogo wa kula mwani, sentimita 4 tu, wapole, mimea hawaiharibu. Weka sita kwenda juu, wakiwa wachache wanadhoofu. Tangi liwe limekomaa, yani limeshakaa na maji na samaki miezi kadhaa, na kabla hujalipa mwangalie tumbo, likiwa limebonyea ndani muache, huyo alishakaa na njaa muda mrefu na mara nyingi haponi.

mfuga_guppi
Asanteni sana. Tangi lina zaidi ya nusu mwaka, taa nawasha asubuhi mpaka usiku. Corydoras, wale kambare wadogo wa chini, ninao pia mbona mwani hawaugusi?

gogo_na_maji
Corydoras hawali mwani, wao wanachimbua chakula kwenye mchanga. Hiyo taa ndo chanzo ndugu yangu, weka masaa 6 mpaka 8, punguza chakula, badilisha robo ya maji kila wiki. Fanya hivyo kwanza ndo ulete Otocinclus. Na ule mwani mweusi kama manyoya ukiuona kwenye majani, usiwategemee Otocinclus, kata hayo majani utupe.