Mdhamini anataka gari la kifahari na bwawa la kuogelea, wimbo ni wa mvuvi wa dagaa: naomba ushauri

MpigaPicha_Kirumba

Wanajukwaa, habari za jioni. Ninaongoza video za nyimbo hapa Mwanza, na nimepewa kazi ya msanii chipukizi ambaye wimbo wake unasimuliwa na mvuvi wa dagaa anayeachwa na mchumba kwa sababu kila usiku wa giza yuko ziwani. Maneno ni ya huzuni, lakini mdundo unachezeka na kiitikio ni chepesi kushika. Anayegharamia kazi ameniletea orodha ya anayotaka yawemo: gari lisilo na paa, nyumba yenye bwawa la kuogelea, warembo wanne na picha za droni. Hoja yake ni kwamba hizo ndizo desturi za video za muziki, na mtazamaji asipoziona huhamia kwingine.

Sitaki kumpuuza, kwa sababu fedha ni zake na hoja yake ina uzito. Ninachoomba kwa wenye uzoefu ni kunisaidia kupambanua ni desturi zipi zinamshika mtazamaji kweli na kwa sababu gani, na ni zipi zinaweza kuachwa bila wimbo kudhurika. Tuna siku mbili tu za kupiga picha.

Mhariri_wa_Usiku

Ndugu, anza na desturi ambayo mdhamini wako hakuiandika, pengine kwa kuwa imezoeleka mno: uso wa mwimbaji ukiwa karibu na kamera, midomo ikitamka maneno ya wimbo. MTV, kituo cha televisheni cha muziki, ilipoanza kurusha matangazo nchini Marekani tarehe 1 Agosti 1981, video zilikuwa tangazo la kuuzia rekodi, na jambo la kwanza ambalo kampuni zilihitaji ni uso wa msanii ukumbukwe. Lakini biashara peke yake haielezi kwa nini mtazamaji anaupenda uso huo. Redioni sauti haina mwili. Mtu anapoona jicho likilegea au koo likikaza kwenye neno lile lile linalomuuma yeye, huhisi kwamba anayeimba anamwambia yeye binafsi, na ndiyo maana mwimbaji hutazama moja kwa moja kwenye lenzi, jambo ambalo mwigizaji wa filamu hukatazwa kulifanya.

Desturi ya pili ni kuchanganya uimbaji na hadithi. Wengi huichukulia kama pambo, ilhali ndiyo inayobeba muundo mzima. Wimbo wa dakika tatu na nusu hautoshi kusimulia uchumba, kungoja, ugomvi na kuachana, lakini kila unapomrudia mwimbaji, hadithi inaweza kuruka miezi mizima bila mtazamaji kuuliza kilichotokea katikati. Kwa hiyo usipige picha za uimbaji mahali pamoja tu. Mpige ufukweni mchana, ndani ya mtumbwi jioni na chumbani usiku, na umrekodi akiimba wimbo wote mwanzo hadi mwisho kila mahali, ili mezani kwangu, yaani kwa mhariri wako, kuwe na pa kukimbilia hadithi inapokwama.

Mtafiti Andrew Goodwin, aliyechambua video za muziki mwaka 1992, alieleza kwamba picha inaweza kuonyesha kile kile kinachosemwa na maneno, inaweza kukikuza kwa kuongeza maana ambayo maneno hayana, au inaweza kwenda njia yake bila kuyajali. Orodha ya mdhamini wako iko kwenye njia ya tatu. Si kosa, na zipo video nzuri za namna hiyo, lakini mvuvi anayelia huku ameegemea gari lisilo na paa atamfanya mtazamaji ashindwe kumwamini, na wimbo wa kuachwa hauna nguvu nyingine zaidi ya kuaminiwa.

Mkongwe_wa_Runinga

Naheshimu maelezo ya Mhariri, lakini naomba tusimwonee mdhamini. Anasa haikuingia kwenye video zetu kwa ushamba. Video za rap za Marekani za mwishoni mwa miaka ya 1990 ziliweka kipimo cha macho ya vijana wengi, kisha vituo vya televisheni vya muziki, Channel O na MTV Base, iliyoanza Afrika mwaka 2005, vikawa mlango ambao msanii wa Tanzania alitamani kuupita, na hapo ubora wa picha ukawa jambo la kufa na kupona. Diamond Platnumz alipotoa remix ya "Number One" akiwa na Davido mwaka 2014, video ikiongozwa na Clarence Peters wa Nigeria, vijana wengi waliona kwamba Mtanzania anaweza kusimama kwenye kioo kimoja na mastaa wa Lagos bila kuonekana mdogo. Fahari ile haikuwa ya msanii peke yake. Mtazamaji naye alihisi amepanda.

Angalia pia harusi zetu, ambapo familia isiyo na kitu hushona sare na kupamba ukumbi. Watu wetu wanapenda kuona umaridadi, na wanaokaa mbele ya televisheni baada ya siku ngumu hawataki kila mara kuonyeshwa ugumu ule ule waliotoka nao. Kwa hiyo shauri langu ni kuuhamisha umaridadi badala ya kuufuta. Shati la mvuvi lifuliwe na limkae vizuri, mtumbwi upakwe rangi mpya, khanga za wanawake wa ufukweni zichaguliwe kwa rangi zinazopatana na anga. Mdhamini akiona picha ya majaribio inang'aa, gari atalisahau, kwa kuwa alichokuwa akikitaka tangu mwanzo ni video isiyoonekana ya bei rahisi.

Binti_wa_Nyakato

Nami naandika kama mtazamaji, maana sisi wanawake ni wengi miongoni mwa wanaotazama na tunazungumzwa kama mapambo. Warembo wanne kando ya bwawa ni desturi iliyowekwa kwa ajili ya jicho la mwanaume: kamera inaanzia miguuni, inapanda polepole, usoni inapita haraka. Wanaotetea husema inavuta watazamaji, na siwezi kukana kwamba inawavuta baadhi. Lakini katika wimbo huu kuna mwanamke mmoja ambaye uamuzi wake ndio hadithi yenyewe. Kwa nini ameondoka? Alingoja vipi? Mwonyesheni akiwa na kazi yake, akianika dagaa au akihesabu fedha za kikoba, akitazama ziwa lilipo giza, na mpeni uso wa karibu sawa na ule mtakaompa mwimbaji. Nikimwelewa yeye, nitamhurumia na mvuvi, na nitairudia video ile kumsikiliza tena.

Kuna na upande wa sheria ambao mdhamini anapaswa kuukumbuka: mwaka 2018 TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, ilizuia nyimbo kadhaa zisirushwe na vituo vya utangazaji kwa sababu za maadili. Video inayokataliwa na televisheni inampotezea mdhamini fedha zile zile anazotaka zirudi.

Sebene_la_Goma

Hakuna aliyegusa dansi, na nyinyi mmesema mdundo unachezeka! Huku kwetu Kongo video bila safu ya wachezaji haijakamilika, kwa sababu ikifika sebene, ile sehemu ya wimbo ambapo magitaa hushika kasi watu wacheze, mtazamaji hasikilizi tena kwa masikio tu. Lakini tofautisheni dansi ya kustaajabiwa na dansi ya kuigwa. Ya kwanza inawataka wachezaji hodari na mazoezi ya wiki nyingi. Ya pili inataka tendo moja la mwili ambalo mtoto anaweza kulirudia uani kwao. Sauti Sol, kundi la Kenya, walifanya hivyo kwa dansi ya Lipala katika "Sura Yako" mwaka 2014, na watu wakawa wanajirekodi wakiicheza. Mwaka 2019 kijana wetu wa Goma, Innoss'B, alipoirudia "Yope" pamoja na Diamond, dansi iliwafikia hata wasiojua neno moja la Kilingala.

Tendo lenu lipo tayari kwenye kazi ya uvuvi: kuvuta wavu, mkono juu ya mkono, mwili ukiyumba nyuma. Liwekeni kwenye kiitikio kila kinaporudi, kwanza kwa wavuvi wakiwa kazini kweli, kisha kwa wachezaji, mwishoni kwa mwimbaji akiwa peke yake bila wavu mkononi. Lipigeni pia kwa simu iliyosimamishwa wima, kwa ajili ya TikTok.

MpigaPicha_Kirumba

Nawashukuru sana. Nimezungumza na mdhamini jioni hii. Amekubali kuacha bwawa na warembo, na droni tutaitumia mara moja tu, kuonyesha taa za mitumbwi zilivyotawanyika ziwani. Gari bado analing'ang'ania, nami nafikiri litafaa likiwa ni la mwanaume anayekuja kumchukua mchumba, lionekane kwa mbali, kutoka macho ya mvuvi. Kinachonisumbua sasa ni usiku: nataka mwendo wa taratibu ndani ya mtumbwi huku midomo ikilingana na maneno, na mwanga ni mdogo.

Mhariri_wa_Usiku

Piga picha 50 kwa sekunde, na wimbo uchezwe kwenye spika kwa kasi maradufu. Mwimbaji aimbe kwa kasi hiyo. Nitakapoichezesha video kwa picha 25 kwa sekunde, midomo itaangukia mahali pake na maji yatatembea polepole. Mwambie afanye mazoezi nyumbani, kwa sababu beti la pili lina maneno mengi. Fahamu pia kwamba kasi hiyo inakula mwanga, kwa hiyo ongeza taa karibu na uso wake.

Mwana_wa_Ukerewe

Kuhusu mwanga: panga siku zako kwa kalenda ya mwezi, kwa kuwa mbalamwezi ikiwa kali wavuvi wa dagaa hawatoki na hutapata taa hata moja za kupiga kwa droni. Taa za sola zinazotumika siku hizi ni nyeupe na hufanya uso uonekane baridi. Ukitaka uso wa mwimbaji uwe na joto, tafuta karabai la zamani uliweke miguuni pake ndani ya mtumbwi. Kamera iwe kwenye mtumbwi mwingine uliofungwa kamba, na kila mtu avae jaketi la kuokolea mpaka dakika ya kupiga picha. Zungumza na wenye mitumbwi mapema, na uwalipe usiku wao wote, kwa sababu wakikusubiri wewe hawatavua.