Naomba ushauri: hema jepesi la mtu mmoja kwa kuwinda

Wandugu, niko Lubumbashi. Kiangazi nawinda upande wa Kasenga, peke yangu, siku 3 au 4, kila kitu mgongoni. Hema langu lina kilo 3 na nusu. Nikirudi na nyama juu yake, mabega yanalia.

Nimeona la kilo 1, kitambaa kimoja tu, linasimamishwa kwa fimbo ya kutembelea. Jepesi kweli! Lakini mwezi wa 7 baridi ya usiku ni kali: je, pumzi haitageuka maji ndani na kunilowesha blanketi? La vitambaa viwili linafika kilo 1 na nusu. Halafu udongo wetu wakati huo ni tofali, vigingi vyangu vyote vimepinda.

Aliyelala ndani ya mojawapo, bunduki ubavuni, aniambie: nichukue lipi? Nina dola 200, basi.