MJADALA: Mgambo waliopigana Vita vya Kagera ni wa ofisi gani hasa?

Mleta mada:

Wakuu salaam. Hii mada ninayo moyoni toka Siku ya Mashujaa, tarehe 25 Julai, nilikuwa nyumbani Bunda. Babu yangu mzaa mama alivaa koti lake toka asubuhi akakaa barazani na redio anasikiliza sherehe, ilipofika pale viongozi wanaweka mkuki na ngao kwenye mnara na parapanda inapigwa, mzee akashika nguzo ya baraza akasimama wima, peke yake, kuku wanapita miguuni, mpaka parapanda ikaisha ndo akakaa. Hakusema neno. Mimi nilishindwa hata kumalizia chai.

Babu hakuwa mwanajeshi wa kuajiriwa. Alikuwa mgambo. Mwaka 1978 ana miaka 28, mkulima wa pamba, mke na watoto wawili, Amin kashavuka mpaka, Mwalimu akasema ile tarehe 2 Novemba kwamba uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo na nia ya kumpiga tunayo. Waziri Mkuu Sokoine akaagiza mikoa ikusanye kila kinachoweza kusaidia vita, magari ya watu binafsi yakachukuliwa, na wanaume kama babu wakachukuliwa, mafunzo ya wiki chache, bunduki mkononi, twende. Sehemu kubwa ya safari ya kuingia Uganda walitembea kwa miguu. Machi 1979 akawepo Lukaya, pale kwenye kinamasi, ambapo brigedi yetu ya 201 ilikutana na Walibya waliotumwa na Gaddafi ikasambaratika kwanza, wengi wa brigedi hiyo walikuwa mgambo hawajawahi kusikia kishindo kama kile, halafu wakajipanga upya wakarudi na wenzao wa 208 wakaikomboa. Babu ana kipande cha chuma pajani mpaka leo, ukigusa unakisikia kama punje ya hindi chini ya ngozi. Mvua zikikaribia anajua kabla ya redio.

Vita vikaisha, akapewa nauli na pesa kidogo, akarudi kulima. Ushahidi alionao ni karatasi moja imekunjwa mara nne ndani ya kopo la maziwa ya unga, mikunjo imechanika imeungwa na selotepu, muhuri unasomeka nusu.

Mwaka juzi nikamchukua tukazunguka naye. Ofisi ya kwanza wakasema huyu sio mstaafu wa jeshi, hana namba, aende kwa wanaolipa pensheni. Kwa wanaolipa pensheni wakasema hayumo kwenye mfumo sababu hakuwahi kuajiriwa. Tukaenda ustawi wa jamii, wakasema wanao mpango wa kaya maskini lakini mzee ana nyumba ya bati na ng'ombe wawili kwahiyo hana sifa. Niseme ukweli, hakuna aliyetufokea, wote walikuwa wastaarabu, mmoja hata alimpa mzee kiti na maji. Ila kila mtu aliangalia daftari lake na hakuna daftari lenye jina lake.

Sasa hapo ndo mjadala wangu ulipo. Nchi hii tunayo Wizara ya Ulinzi na JKT, chini yake ipo JWTZ, ipo JKT yenyewe. Hazina inalipa pensheni za wanajeshi. Idara ya Usalama wa Taifa ina sheria yake toka 1996. Bungeni kuna kamati ya Mambo ya Nje, Ulinzi na Usalama. Vyombo vyote hivi na kila kimoja kina kazi yake inayoeleweka, lakini swali la "nani anamjua aliyepigana bila kuajiriwa" halina dawati. Msimamo wangu: siombi wizara mpya, naomba daftari moja la taifa la waliopigana, wawe wa kudumu au mgambo, na dawati moja Wizara ya Ulinzi lenye wajibu wa kulijibia. Pesa tutabishana baadaye. Karibuni, tujadili kwa heshima, hawa ni wazee wetu.

Mchangiaji:

Mkuu pole kwa babu ila tuwe wakweli, mgambo walijua wanaenda kwa dharura, sio ajira. Kisheria pensheni inafuata ajira. Ukifungua mlango huo kesho watakuja walinzi wa sungusungu, watakuja waliotoa malori yao, watakuja waliopika. Na wananchi wote si tuliambiwa tufunge mikanda miezi 18, nani alilipwa?

Mleta mada:

Mkuu nakubaliana na wewe kwenye sheria, pensheni ya ajira ni ya ajira, sijaiomba. Lakini umeweka kwenye kapu moja aliyefunga mkanda na aliyepigwa chuma pajani, hapo nakataa. Wazazi wetu walipanga foleni ya sabuni na sukari, walikula unga wa yanga, ni kweli waliumia, ila jioni walirudi kulala kwao. Huyu mwingine alipewa amri, na asingetii tunajua neno la kumwita. Serikali iliyompa amri ya kijeshi haiwezi baadaye kumwambia wewe hukuwa wetu.

Halafu suala la "kisheria hakuna malipo bila ajira" sio kweli kiasi hicho. Zanzibar toka Aprili 2016 wanalipa pensheni jamii kwa kila mzee wa miaka 70 kwenda juu, walianza na shilingi elfu 20 kwa mwezi, hakuna anayeulizwa uliajiriwa wapi. Wavuvi wanapata, wakulima wa karafuu wanapata, mama aliyeuza vitumbua maisha yake yote anapata. Waliamua wakatunga utaratibu. Kwahiyo serikali ikiamua kumtambua mtu kwa kigezo kingine tofauti na ajira, inawezekana, na imefanyika ndani ya Muungano huuhuu.

Mchangiaji:

Mimi baba yangu alikuwa wa kudumu, kastaafu na namba anayo, na pensheni anapata. Ila mnajua kiasi? Mwaka 2015 ndo kima cha chini kwa wanaolipwa na Hazina kilitoka elfu 50 na kidogo kikafika laki moja na kidogo. Kabla ya hapo mzee aliishi na elfu 50. Kwahiyo kuwa kwenye daftari peke yake sio dawa, msijidanganye.

Mleta mada:

Dada/kaka asante sana kwa hili na msalimie mzee. Na ndo maana nasema daftari ni mwanzo. Baba yako aliweza kulalamika kuhusu elfu 50 kwasababu anahesabika, wabunge walisimama wakasema wastaafu wetu wanalipwa kiasi hiki, mjadala ukawepo, kiwango kikapanda hata kama ni kidogo. Babu yangu hana hata kiwango cha kulalamikia. Wabunge wameshauliza hili la mgambo wa Kagera mara kadhaa, ila anayeuliza hana idadi mkononi na anayejibu hana idadi, sasa unapangaje bajeti ya watu usiojua ni mia ngapi au elfu ngapi?

Mchangiaji:

Huwezi kuweka daftari la wapiganaji hadharani. Hayo ni mambo ya usalama wa nchi. Kuna watu walivuka kabla ya jeshi, kuna waliokusanya habari, majina yao hayatakiwi kujulikana milele. Acheni kuchezea vitu msivyovijua.

Mleta mada:

Hii ni hoja nzito na nataka niijibu taratibu. Waliofanya kazi za upelelezi ni kundi lingine, na hao hata mimi nasema majina yao yasitoke. Wao wakae kwenye daftari lililofungwa, Idara ya Usalama wa Taifa yenyewe iwajibike kwao, na ile kamati ya Bunge ya ulinzi na usalama ipate angalau taarifa ya faragha kwamba watu hawa wanatunzwa. Maana usiri ukizidi unamuumiza yuleyule uliyetaka kumlinda, mtu amefanya kazi isiyo na jina halafu anazeeka bila jina kweli, akiumwa hana pa kusema nilikuwa nani.

Lakini mgambo wa Bunda aliyebeba bunduki Lukaya ana siri gani leo? Nendeni Kaboya pale Muleba, kwenye makaburi ya mashujaa wa vita hivyo, majina yameandikwa, watu wanasoma. Nendeni Naliendele Mtwara, waliokufa kwa ajili ya Msumbiji wamezikwa pale na kila mtu anajua. Kama jina la aliyekufa linaandikwa kwenye jiwe bila kuhatarisha nchi, jina la aliyepona nalo linaweza kuandikwa kwenye daftari la kata. Adui gani atatumia orodha ya wazee wa miaka 70 kasoro na 80?

Mchangiaji:

Mimi ningependa tuwe na wizara kamili kama Marekani, wana wizara nzima ya wastaafu wa jeshi. Nusu nusu hizi hazifiki popote.

Mleta mada:

Mkuu hapo tutatofautiana. Marekani kweli wana wizara ya maveterani toka 1989 na bajeti ambayo sisi hatuwezi hata kuiota, na bado mwaka 2014 iligundulika hospitali yao ya Phoenix ilikuwa inaficha foleni, watu wanasubiri miezi wakati kwenye karatasi inaonekana wanahudumiwa haraka, waziri Shinseki, jenerali mstaafu mwenyewe, akajiuzulu. Afrika Kusini wana idara kamili ya wapiganaji wa zamani na sheria yao ya 2011, na Oktoba 2021 wapiganaji wa zamani waliokasirika walizuia mawaziri ndani ya hoteli kule Irene mpaka polisi wakaingia. Hasira yao ilikuwa ni malipo na huduma walizoahidiwa.

Nimezitaja hizo sio kuwasema wenzetu. Naona tu kwamba jengo jipya lina wakurugenzi, lina magari, lina semina, na mzee wa kijijini anaweza akaendelea kutojulikana humohumo. Kenya walitunga sheria ya maveterani wa jeshi mwaka 2022, Uganda wameweka maveterani kwenye jina lenyewe la wizara yao ya ulinzi. Sisi tuanze na kidogo kinachofanya kazi: mtendaji wa kijiji aandike, wazee waliopigana pamoja washuhudiane mbele ya mkutano wa kijiji, Jeshi lilinganishe na kumbukumbu zake, wilaya ipitishe.

Mchangiaji:

Watajaa feki. Unajua Watanzania. Kila mzee mwenye kovu atasema Kagera.

Mleta mada:

Watakuwepo, sibishi. Ila fikiria, mtu aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1978 kazaliwa 1958. Leo bado wapo wanaoweza kumuuliza mwongo "kamanda wenu alikuwa nani, mlivuka Mutukula usiku au mchana, Masaka mlikaa wapi" na akajikanyaga palepale. Mimi nimemwona babu akimuuliza mtu hivyo kwenye msiba, kwa upole kabisa, maswali matatu tu, jamaa akaomba udhuru akaondoka. Huo ndo uhakiki, hakuna kompyuta inayoushinda. Tukisubiri miaka kumi hao wahakiki watakuwa wamekufa, na hapo kweli feki watajaa kwasababu hatakuwepo wa kuwakatalia.

Na hili halihusu Kagera peke yake. Vijana wetu 7 waliuawa Darfur Julai 2013 kwa siku moja. Desemba 2017 kule Semuliki, Kongo, tukapoteza wengine zaidi ya 10 kwa usiku mmoja. Hao ni wa kuajiriwa, kumbukumbu zao zipo, lakini wapo waliorudi na majeraha ambayo miaka 30 ijayo yatakuwa kama hiyo punje ya babu. Dawati likiwepo sasa litawasubiri na wao.

Mchangiaji:

Kaka binafsi umenigusa, na mimi nina baba mkubwa Karagwe yuko hivyohivyo. Tunaanzia wapi wakati tunasubiri serikali?

Mleta mada:

Nitakwambia nilichofanya. Juzi jioni nilimpigia babu simu nikamwomba anitajie wenzake wa seksheni yake, nikadhani atataja watatu wanne. Akaniambia subiri, nikasikia anavuta kiti, akaanza. Kataja majina tisa, kila jina na kijiji chake, huyu Nansio Ukerewe, huyu Tarime, huyu alitokea Geita alikuwa fundi baiskeli. Wanne anajua wamefariki. Wawili hajui. Mmoja alimzika yeye mwenyewe njiani kabla hawajafika Masaka, na alipofika hapo alinyamaza muda mrefu nikadhani simu imekata.

Nimeyaandika kwenye kaunta buku, nimeacha mistari mitupu chini. Mwenye mzee wake amuulize wiki hii, aandike jina, kijiji, brigedi kama anaikumbuka, na nani alikuwa naye. Jumamosi nampelekea babu picha za karatasi zao zile zenye muhuri, mkinitumia, ana miwani mipya, anasema akiuona muhuri ataujua ni wa kambi gani.